Twahara na Sala ya Mgonjwa Anayejitibu Kibofu Nyumbani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wako wagonjwa ambao kibofu chao cha mkojo hakiwezi kujimwaga chenyewe. Daktari huwafundisha kutumia mpira wa mkojo nyumbani kwa mikono yao, mara kadhaa kila siku, na pengine kutia dawa ndani ya kibofu kwa njia hiyo hiyo. Mtu anapopewa tiba hii, fikra yake ya mwanzo huenda kwenye Sala: Je, twahara yake itasihi? Je, funga yake itabaki? Kwa kukosa jawabu, wengine huacha mpira ili wabaki safi, na mafigo yao yakaharibika. Wengine huendelea na mpira lakini wakaacha Sala, kwa kudhani kwamba wao ni watu wa najisi wakati wote. Njia zote mbili ni makosa. Makusudio ya somo hili ni kubainisha kwamba tiba haimtoi Muislamu katika twahara, na twahara haimzuii Muislamu kujitibu.

1. UGONJWA WENYEWE

Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida huchukua kiasi cha mililita 400 hadi 500 za mkojo. Kinapojaa, mishipa ya fahamu hupeleka habari katika ubongo, na mtu akahisi haja. Mishipa hiyo ikiharibika, kibofu hujaa bila ya mwenyewe kujua, au hujua lakini hakiwezi kujikamua. Sababu zake ni nyingi: kisukari kilichokaa miaka mingi, kuumia uti wa mgongo katika ajali za barabarani, mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, na kwa wanaume kuvimba kwa tezi dume.

Mkojo unaobaki ndani huleta madhara mawili. La kwanza, vijidudu huzaliana ndani yake na kuleta maradhi ya njia ya mkojo. La pili, mkojo unapozidi husukuma kurudi juu kwenye mafigo na kuyaharibu kidogo kidogo, na mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote mpaka madhara yamekwisha kuwa makubwa. Kwa hivyo kutoa mkojo kwa wakati wake ni kinga ya uhai, wala si jambo la kupunguza usumbufu tu.

2. TIBA HII SI NGENI KWA WAISLAMU

Tabibu mashuhuri wa Andalusi, Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kumtoa mkojo mgonjwa aliyezibana kwa kutumia mrija mwembamba wa fedha, na akaeleza pia chombo cha kutilia dawa ndani ya kibofu. Basi matibabu haya yalikuwa yakijulikana kwa matabibu wa Kiislamu tangu miaka elfu moja iliyopita.

Katika zama hizi, kwa muda mrefu madaktari walidhani kwamba mpira hauwezi kutiwa ila kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitia mwenyewe nyumbani kwa usafi wa kawaida wa maji na sabuni. Walifahamu kwamba jambo kubwa la kukinga maradhi ni kukitoa mkojo kibofu mara kwa mara kabla hakijavimba, kwani kibofu kilichovimba hupungukiwa na damu katika kuta zake na kikakosa nguvu ya kupambana na vijidudu. Tangu hapo tiba hii ikaenea duniani.

3. MISINGI YA SHARIA

Msingi wa kwanza ni kwamba mkojo ni najisi, na kujihadhari nao ni wajibu. Imepokewa habari mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) kupita penye makaburi mawili, na akaeleza kwamba mmoja wa waliozikwa humo anaadhibiwa kwa kuwa alikuwa hajihadhari na mkojo. Kwa hivyo hakuna ruhusa ya kupuuza.

Msingi wa pili ni kwamba Mwenyezi Mungu hakuijaalia dini kuwa ni dhiki. Maana hii imekuja katika Sura ya Al-Hajj aya ya 78, na katika aya ya udhu yenyewe, Al-Maida aya ya 6. Na katika Al-Baqara aya ya 286 tumefahamishwa kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mtu hufanya analoliweza, na asiloliweza husamehewa.

Msingi wa tatu ni kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Aliyetawadha kwa yakini haondoki katika udhu wake kwa kudhani tu kwamba huenda limetoka tone. Mgonjwa wa kibofu ana haja kubwa ya msingi huu, kwani wasiwasi humwandama kuliko mtu mzima wa afya.

Msingi wa nne ni kuuliza. Katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwako mtu aliyejeruhiwa kichwani, akapatwa na janaba, na wenzake wakamwambia hapana budi akoge. Akakoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali kwa kufutu bila ya elimu, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Katika hadithi hii mna onyo kwa kila jamaa wa mgonjwa anayemkazia jambo asilolijua.

4. HALI TATU ZA MGONJWA

Hukumu za mgonjwa huyu haziwi moja. Ni lazima kwanza ajijue yumo katika hali gani.

Hali ya kwanza: anayejitoa mkojo kwa mpira, kisha akabaki mkavu mpaka mara nyingine. Huyu si mwenye udhuru wa kudumu. Hukumu yake ni ile ile ya mtu mwenye kwenda haja. Udhu wake huvunjika anapotoa mkojo. Akimaliza hustanji, hutawadha, na husali kwa udhu huo Sala yoyote aitakayo mpaka litokee la kuuvunja. Hahitaji rukhsa, wala asijiwekee uzito ambao sharia haikumwekea.

Hali ya pili: anayejitoa mkojo kwa mpira, lakini matone humtoka baina ya mara na mara bila ya yeye kuweza kuyazuia. Ikiwa upo wakati unaojulikana ambao hukauka, kwa mfano saa moja baada ya kujitoa, basi auvizie wakati huo na asali ndani yake. Ikiwa matone hayana wakati, basi huyu ni mwenye salasi-bauli, na wanazuoni wamempimia kwa mwanamke mwenye istihadha, kama alivyofundishwa Bi Fatima binti Abi Hubaishi (R.A.) na Mtume (S.A.W.) asiache Sala kwa ajili ya damu ile ya ugonjwa. Atajisafisha, ataweka kitambaa au pampasi safi, atatawadha baada ya kuingia wakati wa Sala, na atasali bila ya kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo naye yumo katika Sala hakimdhuru.

Wanazuoni wa Kiibadhi wamempa mgonjwa wa namna hii, anapopata mashaka kutawadha kwa kila Sala, rukhsa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Lakini ifahamike kwamba kukusanya si kupunguza. Aliye mjini kwake huzisali Sala za rakaa nne kwa ukamilifu wake, hata kama amezikusanya.

Hali ya tatu: aliyewekewa mpira wa kudumu wenye mfuko. Mkojo wake hutoka wakati wote bila ya hiari yake, basi naye ni katika wenye udhuru. Kabla ya Sala aumwage mfuko, asafishe panapoingia mpira, atawadhe, na asali. Mfuko uliofungwa mwilini ambao hawezi kuuondoa ni dharura, na dharura husamehewa. Aufunge mguuni, chini ya kibofu, ili mkojo usirudi nyuma. Akishindwa kusujudu, husali kwa kukaa na kuashiria. Akishindwa kukaa, husali kwa ubavu. Sala haimwondokei maadamu akili anayo.

5. NAMNA YA KUJITOA MKOJO NA KUTAWADHA

Yafuatayo hayachukui nafasi ya mafunzo ya muuguzi, bali ni kuyakumbusha na kuyaunganisha na twahara.

Kwanza, mgonjwa aoshe mikono miwili kwa maji na sabuni, kisha aoshe sehemu yake ya siri, na mwanamke aoshe kutoka mbele kwenda nyuma. Maji ya shatafu yasifunguliwe kwa nguvu. Katika nchi za Ghuba wakati wa joto, maji ya tangi lililo juu ya paa huweza kuunguza, na mtu aliyeumia uti wa mgongo pengine hahisi moto wake. Basi mtu mwenye hisia ayapime kwanza kwa mkono.

Pili, aupake mpira jeli ya kulainisha na autie polepole bila ya nguvu. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kiasi cha sentimita 4, na ya mwanamume ni kiasi cha sentimita 20. Mkojo ukianza kutoka, asubiri mpaka uishe, kisha autoe mpira taratibu, akisimama kidogo kila mkojo unapotoka tena. Haraka katika kutoa ndiyo mara nyingi inayoacha masalio ndani, na masalio hayo ndiyo yanayodondoka baadaye katika rukuu na sijida.

Tatu, autupe mpira ikiwa ni wa kutumiwa mara moja. Ikiwa amepewa wa kutumiwa tena, auoshe na kuuhifadhi kama alivyoelekezwa hospitalini. Mpira uliogusa mkojo ni najisi mpaka uoshwe, na ukioshwa athari ya mkojo ikaondoka, umetwahirika.

Nne, astanji kwa maji, aondoe masalio ya mkojo na jeli, kisha ndipo atawadhe. Mpango huu ni wa lazima katika madhehebu ya Kiibadhi: najisi huondolewa mwilini kwanza, na udhu hufuatia. Kadhalika kugusa utupu kwa mkono mtupu huvunja udhu. Kwa hivyo aliyekwisha tawadha, kisha akaushika utupu wake ili kuuweka sawa mpira au kitambaa, hurejea kutawadha. Ikiwa hapana budi kuutengeneza, na autengeneze kabla ya udhu.

Imekatazwa mtu kushika utupu kwa mkono wa kulia anapokwenda haja. Lakini tiba hii haifanyiki ila kwa mikono miwili, na hili ni katika yaliyoruhusiwa na haja. Anayeweza kuvaa glavu, na avae.

Tano, apange nyakati. Madaktari wengi huamuru mara 4 hadi 6 kwa siku, na kila mara mkojo usizidi mililita 500. Mwenye kisukari asingoje kuhisi haja, kwa sababu hisia yake huenda imepotea, atazame saa. Tuchukue mfano wa mzee anayeishi Muscat na mwanawe. Hujitoa mkojo kabla ya Alfajiri, kisha saa nne asubuhi, kisha kabla ya Alasiri, kisha kabla ya Isha, na mara ya mwisho saa tano za usiku anapotaka kulala. Hizo ni mara tano, na kila mara baina yake ni kiasi cha saa nne mpaka sita. Mzee huyu huingia katika Sala naye hakubanwa, na imekatazwa mtu kusali naye anazuia haja. Hivyo nyakati za Sala zenyewe humsaidia kuihifadhi tiba yake.

Akiwa maji yanamdhuru, au hawezi kuyatumia wala hana wa kumsaidia, huondoa najisi kwa kadiri awezavyo na hutayamamu, kama ilivyo katika Sura ya An-Nisaa aya ya 43 na Al-Maida aya ya 6.

6. DAWA INAYOTIWA NDANI YA KIBOFU

Baadhi ya wagonjwa, hasa wenye maumivu ya kibofu ya muda mrefu, hufundishwa kujitia dawa wenyewe. Hukitoa kwanza kibofu mkojo wote, kisha husukuma dawa polepole kwa bomba la sindano kupitia mpira, hutoa mpira, na huizuia dawa ndani kwa muda alioamuru daktari, kisha huikojoa.

Dawa ikiwa ndani ya kibofu haina hukumu ya twahara, kama vile mkojo ulio ndani hauna hukumu. Aliyestanji na kutawadha baada ya kuitia, naye hakubanwa wala hatokwi na kitu, Sala yake ni sahihi. Ama itakapotoka, itakuwa imechanganyika na mkojo na imepita katika njia yake. Basi inavunja udhu, na nguo iliyoguswa nayo huoshwa. Lililo bora ni kuitia dawa mara tu baada ya Sala ambayo nafasi baada yake ni ndefu, ili muda wake uishe kabla ya Sala inayofuata, na mgonjwa asilazimike kuchagua baina ya dawa na jamaa.

Asizidishe kipimo kwa kuwa maumivu yamezidi, wala asichanganye dawa kwa ushauri wa jirani mwenye ugonjwa kama wake. Mwili ni amana, na mwenye amana hatumii ila kwa idhini.

7. FUNGA

Wanafiqhi wa zamani walikhitalifiana juu ya kinachoingia kwa njia ya mkojo. Katika zama hizi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1997, likasikiliza madaktari na wanazuoni pamoja, na likaamua kwamba kinachotiwa katika njia ya mkojo ya mwanamume au mwanamke, kiwe mpira, dawa au maji ya kuoshea kibofu, hakivunji funga. Sababu yake inafahamika: kibofu si njia ya kwendea tumboni, wala kilichotiwa humo si chakula wala kinywaji.

Katika uamuzi huo huo daktari Muislamu ameaswa amshauri mgonjwa kuakhirisha mpaka baada ya kufuturu matibabu ambayo kuyaakhirisha hakumdhuru. Basi dawa ya kutiwa kibofuni, ikiwa inaweza kungoja usiku, kuingoja ni kujitoa katika khilafu. Ama kutoa mkojo hakungojwi. Anayekaa na mkojo tangu Alfajiri mpaka Magharibi kwa kudhani anailinda funga yake, anajidhuru bila ya sababu.

Jambo la kuangaliwa zaidi katika Ramadhani ni maji. Mgonjwa huyu anahitaji kunywa ya kutosha, na joto la Ghuba hukausha mwili. Anywe kidogo kidogo baina ya futari na daku. Daktari mwaminifu akimwambia kwamba kufunga kutamdhuru, basi ale na alipe siku nyingine, kama ilivyo ruhusa ya Al-Baqara aya ya 185. Na ambaye hatarajii kupona, awaulize wanazuoni juu ya fidia. Kila mwenye hali ya peke yake na aipeleke kwa Ofisi ya Iftaa au kwa mwanachuoni anayemwamini.

8. SITARA NA MSAADA WA JAMAA

Utupu wa mgonjwa una heshima yake. Anayeweza kujihudumia mwenyewe, mafunzo ya kujihudumia ndiyo sitara yake kubwa. Asiyeweza, mwenye haki zaidi ya kumsaidia ni mumewe au mkewe. Akikosekana, mwanamume amsaidie mwanamume, na mwanamke amsaidie mwanamke, kwa glavu, na kutazama kusipite kiasi cha haja. Mtoto afundishwe na wazazi wake mapema namna ya kujitoa na kustanji, ili atakapobaleghe awe anajitegemea.

Jamaa wajihadhari na maneno. Kumwambia mgonjwa kwamba ananuka, au kumtenga busati lake, kumewafanya wengine waache mpira au waache kutoka. Nguo zibadilishwe, chumba kisafishwe, na ulimi ufungwe. Akihofia kwamba atauchafua msikiti, asali nyumbani na watu wa nyumba yake wasali pamoja naye, ili asikose jamaa.

9. SAFARINI

Familia nyingi za Ghuba husafiri kwenda Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam kuzuru jamaa. Mgonjwa achukue mipira ya kutosha siku zote za safari pamoja na akiba, aiweke katika mkoba wa mkononi na si katika mzigo, na awe na barua ya daktari. Ajitoe mkojo kabla ya kupanda ndege. Safari inayofika farsakhi mbili, nazo ni kama kilomita 12, ina hukumu ya kupunguza Sala kwa Maibadhi, na msafiri ana rukhsa ya kukusanya. Hapa mgonjwa hupata wepesi mara mbili.

10. DALILI ZISIZONGOJA

Mgonjwa aende hospitali bila ya kuchelewa akiona homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni, damu nyingi katika mkojo, au mpira ukikataa kuingia. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho na wekundu wa uso, akitoe kibofu mkojo mara moja na atafute msaada, kwani kibofu kilichojaa huweza kupandisha damu yake mpaka kiasi cha kuhatarisha maisha.

KHATIMA

Anayeosha mikono yake kabla ya mpira na akastanji baada yake, anafanya kazi moja yenye malipo ya njia mbili: anaulinda mwili aliopewa amana, na anajitayarisha kusimama mbele ya Mola wake. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, awape subira wao na wanaowahudumia, na azitakabali Sala zao. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mgonjwa anayebaki mkavu baada ya kutumia mpira ana tofauti gani na mwenye salasi-bauli?
2. Kwa nini kustanji hutangulia udhu, na ni lini kuutengeneza mpira huvunja udhu?
3. Kukusanya Sala kunatofautianaje na kupunguza?
4. Ni tiba gani ya kibofu inayoweza kuakhirishwa mpaka usiku wa Ramadhani, na ni ipi isiyoweza?
5. Nani mwenye haki ya kwanza kumsaidia mgonjwa, na mipaka yake ni ipi?